QGIS pekee, QGIS na Inkscape, au ArcGIS na Illustrator: nianze na ipi kujifunza ramani za mada?

Ganjoni_Grafiki

Assalam alaykum wakuu. Kazi yangu ni mabango, kalenda na kadi za harusi, na Illustrator, programu ya kuchorea, naielewa. Sasa kuna kikundi cha vijana wa Kisauni wanataka ramani za kubandika ukutani, saizi ya A1: watu wamejaa wapi, shule ziko wapi, zahanati ziko wapi. Nyingine ndogo zitaingia kwenye ripoti yao. Nilifikiria kuweka picha ya Google chini nichore juu yake, jamaa mmoja akanicheka. Nikiangalia mitandaoni naona watu wamegawanyika makundi matatu kama nilivyoandika kwenye kichwa: QGIS na ArcGIS ni za kutengeneza ramani kutoka kwenye data, Inkscape ni ya kuchora kama Illustrator. Laptopu yangu ni ya Windows, RAM 8. Mngekuwa mimi mngeanza na ipi?

Baharia_wa_Data

Jamaa alikuwa na haki ya kucheka. Ramani za Google zina masharti yake, huwezi kuzichora juu ukaziuza. Halafu mchoro wa namna hiyo hauna namba ndani. Wakija mwakani na takwimu mpya unaanza upya.

Mimi nasema QGIS, bila kupepesa macho. Ni ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na kwa eneo dogo kama kaunti yetu ya Mombasa hiyo RAM 8 inatosha. Pakua toleo linalotunzwa kwa muda mrefu (LTR), si lile jipya kabisa. ArcGIS Pro ni ya Windows tu, leseni ni ya kulipia, na RAM 8 kwake ndiyo kiwango cha chini kabisa. Itafunguka, lakini utakuwa unakunywa chai ukiisubiri.

Barabara, shule na zahanati utazipata OpenStreetMap, ramani huria inayojengwa na wachangiaji. Tovuti ya Geofabrik ina faili lake la Kenya nzima, au tumia kiongezi cha QuickOSM ndani ya QGIS uchote Mombasa peke yake. Mipaka ya kaunti ndogo tafuta kwenye HDX, tovuti ya data za misaada ya kibinadamu. Idadi ya watu chukua kwenye ripoti za sensa ya 2019 za KNBS, shirika la takwimu la taifa.

Maalim_Vipimo

Ndugu zangu mnakimbilia programu. Kijana anajua kupanga rangi na herufi tayari, hilo halimsumbui. Kitakachomwangusha ni kugawa namba katika madaraja. Ngoja nionyeshe kwa sensa hiyohiyo ya 2019:

Changamwe 131,882
Mvita 154,171
Jomvu 163,415
Nyali 216,577
Likoni 250,358
Kisauni 291,930

Tuseme unataka rangi tatu. Ukiiambia QGIS igawe kwa nafasi sawa, upana wa kila daraja, kutoka namba ya chini hadi ya juu, ni kama watu 53,000. Changamwe, Mvita na Jomvu zinapata rangi hafifu, Nyali inabaki peke yake katikati, Likoni na Kisauni zinakolea. Badilisha ugawe kwa idadi sawa ya maeneo, mawili kila rangi: Jomvu inapanda, inavaa rangi moja na Nyali. Jomvu na Mvita hazijaachana hata watu 10,000, Jomvu na Nyali zimeachana zaidi ya 50,000! Namba ni zilezile, ramani mbili zinasema mambo mawili. QGIS na ArcGIS zitakutolea zote mbili bila kulalamika.

Na bado hujafika. Kupaka eneo rangi kwa idadi ya watu tu ni kosa hata kama madaraja ni mazuri. Kisauni ni kubwa kwa ardhi, lazima ikolee. Gawanya idadi kwa kilomita za mraba uone Mvita, ambayo ni kisiwa kilichobanana, inavyoruka juu na Kisauni inavyoshuka. Ukitaka kuonyesha idadi yenyewe, weka duara juu ya kila kaunti ndogo, ukubwa wake ufuate watu. Rangi chagua kwenye tovuti ya ColorBrewer, ile ya Cynthia Brewer, inakwambia pia rangi zipi mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani ataziona. Ukimaliza hayo ndiyo tuzungumze Illustrator.

Mkazi_wa_Likoni

Maalim shikamoo, nakubali yote. Ila mnamdharau Illustrator bure. Nimefanya kazi kwenye ofisi yenye leseni za ArcGIS, na mtiririko ule ni mtamu: ramani inatoka kwenye ArcGIS Pro kama faili la AIX, unaifungua Illustrator kwa kiongezi cha Esri, wenye ArcGIS, leya (matabaka ya ramani) zimekaa kwa majina yake. Kuna na MAPublisher ya Avenza inayofanya kazi za ramani ndani ya Illustrator yenyewe. Majina ya vichochoro vya Mji wa Kale yakianza kukanyagana, hakuna kitu kinachoshinda mkono wa msanifu. Ramani za QGIS nyingi utazijua kwa mbali: ufunguo wa ramani wenye majina ya mafaili, mshale wa kaskazini mkubwa kama nanga.

Baharia_wa_Data

😂 Huo mshale ni wa mtu, si wa QGIS. Lakini yakhe, MAPublisher ina leseni yake juu ya malipo ya Illustrator. Nani atalipa, kikundi cha vijana?

Majina unayasogeza kwa mkono ndani ya QGIS, na yanakumbuka ulipoyaweka. Hori ya Tudor kwa mfano: chora mstari uliopinda katikati ya maji, uupe jina, ufiche rangi ya mstari, kisha agiza maandishi yaufuate. Yanapinda vizuri tu.

Mkazi_wa_Likoni

Sawa, hilo la hori umenipata. Nitalijaribu.

Dada_Makupa

Mimi niko upande wa uchapishaji, natazama hili jambo kutoka mwisho. Kaka wa Ganjoni, ramani zako zinaenda sehemu mbili. A1 ya ukutani itatoka kwenye printa kubwa ya wino, hiyo mara nyingi inapokea RGB, rangi za skrini, bila shida. Ripoti ikipigwa ofseti utaombwa CMYK, rangi nne za wino wa kuchapa, na hapo Inkscape inakwama kwa sababu imejengwa juu ya RGB. Wasio na Illustrator hupitia Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa. Wewe unayo, kwa hiyo Inkscape kwako ni kujifunza kitu kipya bila faida.

Njia yako naiona hivi: kazi ya data, madaraja, duara na majina yote iishie QGIS. Illustrator iwe ya mwisho kabisa, kwa kichwa, maelezo na rangi za kuchapa, maana ukishavuka huko uhusiano na jedwali la namba umekatika. Ukitoa SVG au PDF, chagua herufi zibaki herufi. Kwa SVG, kila leya iwe kundi lake. Usitumie uwazi wa leya nzima wala kuchanganya rangi za leya, QGIS huweza kugeuza sehemu hizo kuwa picha ya pikseli na hutaweza kuzihariri. Unataka rangi hafifu? Chagua rangi hafifu. PDF ikifika Illustrator itakuja na vifuniko vingi vya kukata (clipping mask), usishtuke, vitoe kabla ya kuanza kazi.

Ganjoni_Grafiki

Shukran sana, hasa dada wa Makupa, umenijibu kama uliyekaa mezani kwangu. Nimeshaweka QGIS na barabara zimekuja. Tatizo jipya: wale vijana wamenipa nukta za shule walizozipima kwenye ramani ya zamani ya serikali, na zote zimehama kidogo upande mmoja. Moja imeingia baharini.

Maalim_Vipimo

Kama zote zimehama kwa pamoja, shule hazina makosa. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya Arc 1960, na OpenStreetMap iko kwenye WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Tofauti ni mamia ya mita, na kwa mtu wa pwani hiyo inatosha kumtosa majini. Usizivute kwa mkono. Iambie QGIS kwamba leya ile ya shule ni EPSG:21037 (namba ya mfumo wa Arc 1960), kisha itoe upya kwa EPSG:32737 (ya WGS 84). Zote ni kanda ya 37 kusini ya UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda, na Mombasa imo humo. Angalia sana usichague 32637, hiyo ni ya kaskazini mwa ikweta.

Ganjoni_Grafiki

Imerudi nchi kavu 🙏🏾 Duara za Maalim nazo zimekaa.

Baharia_wa_Data

Kabla hujapeleka kuchapa, pembeni chini weka © wachangiaji wa OpenStreetMap, leseni yao inadai hivyo. Na chini ya zile duara taja KNBS na mwaka 2019.