Shemeji anarudishwa Kinshasa kutoka Uingereza, na ni mtu wa Goma. Tufanye nini kabla ya ndege na baada ya kutua?

MamaNeema_Leicester
Wakuu, habari za leo. Mdogo wa mume wangu alikataliwa hifadhi, rufaa zimekwisha, na juzi alipokwenda kusaini Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza) wakamzuia palepale. Yuko Harmondsworth, kituo cha kuzuilia wahamiaji. Lingala anaokoteza tu, lugha yake ni Kiswahili. Ubalozi umeshamhoji kwa ajili ya hati ya safari, tarehe ya ndege bado. Je, kisheria kuna kilichobaki? Na akishatua N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, tutajuaje kama yu salama?

WakiliMtaani
Pole sana dada. Msisubiri tarehe. Kwa kawaida notisi ya kuondolewa ni siku 5 za kazi, na wengi huzimaliza wakitafuta wakili. Leo hii aende ofisi ya ustawi ya kituo ajiandikishe kuonana na wakili wa zamu: dakika 30 za kwanza ni bure na hawaulizi kipato. Sambamba na hilo aombe dhamana kwa fomu B1. Shirika la BID, la kutetea dhamana za wahamiaji waliozuiliwa, husaidia bila malipo.

Njia iliyobaki ni kupeleka maelezo mapya chini ya kanuni ya 353 ya uhamiaji ya Uingereza. Masharti ni mawili: jambo lenyewe liwe halijawahi kuangaliwa, na likiunganishwa na yaliyokuwemo, liwe na nafasi ya kweli ya kumshawishi jaji. Hapa ndipo mafaili mengi ya Wakongo wa mashariki yanapofia. Watu hujaza kurasa mia za habari za vita Goma. Home Office hawabishi! Wanajibu, "Sawa, Goma hapakaliki, basi akae Kinshasa." Faili limekwisha.

Kwa hiyo ushahidi ujibu swali la Kinshasa. Kwa nini huyu, kwa jina lake, kabila lake na lugha yake, hawezi kuishi kule? Ana ndugu gani huko, atalala wapi? Hukumu ya mwongozo ya 2015, yaani ile ambayo majaji wa uhamiaji wa Uingereza huifuata kwa kesi za Kongo, ilisema kukataliwa hifadhi peke yake hakumweki mtu hatarini, na 2023 mahakama ikaangalia upya hali baada ya uchaguzi wa 2018. Zote mbili zilitoka kabla waasi wa M23 hawajaingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Tangu hapo wanaosema Kiswahili wamekuwa wakinyooshewa vidole Kinshasa kwamba ni watu wa waasi. Kama ni Mtutsi au Munyamulenge (Mtutsi wa Kivu Kusini) liandikwe waziwazi, na litafutiwe mtaalamu wa nchi wa kulithibitisha. Ripoti za enzi za Rais Kabila, hata ziwe nzuri vipi, zina uzito mdogo sasa.

Wakikataa bila kumpa haki ya rufaa, ni kuomba mahakama ipitie uamuzi. Msidhani kufungua kesi kunasimamisha ndege kila mara. Wakili aombe na amri ya zuio. Kanuni ya 39 ya Strasbourg, yaani kuiomba Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya isimamishe safari, ni ya mwisho kabisa, haina ada, lakini watauliza kama za nyumbani mmezimaliza.

MamaNeema_Leicester
Asante sana kaka. Kuna karatasi amepewa humo ndani, anaambiwa akisaini anapata £3,000. Asaini?

WakiliMtaani
Asisaini kitu kabla wakili hajakisoma. Mpango wa kurudi kwa hiari unatoa hadi £3,000, lakini kwa kawaida aliyezuiliwa na Home Office hapokelewi. Angetakiwa atoke kwa dhamana kwanza. Inawezekana kabisa hiyo ni karatasi ya kukubali kuondoka tu. Mwambieni awasomee kichwa cha karatasi hiyo kwa simu, neno kwa neno.

Ila msiipuuze hiari yenyewe. Anayeondolewa kwa nguvu hufungiwa kurudi miaka 10. Anayeondoka kwa hiari kwa gharama ya serikali hufungiwa miaka 2 akiondoka ndani ya miezi 6 ya kutakiwa kuondoka, ikizidi hapo ni 5. Na hashuki na maaskari wa kusindikiza, jambo ambalo mlangoni N'djili lina maana kubwa.

Kivu_Mpaka_Ndjili
Naongezea ya uwanjani. Akisindikizwa, hapangi foleni na abiria wengine: anakabidhiwa mkononi kwa DGM, yaani uhamiaji, pamoja na ile hati ya ubalozi ambayo tayari inamtambulisha. Anaulizwa aliondoka lini, kwa njia gani, alikuwa na nani huko. Majibu mafupi, ya kweli, yasiyobadilika. Wanaweza kumwachia baada ya saa chache, kwa kawaida na ombi la "kitu kidogo", au kumpeleka ANR, usalama wa taifa. Hiyo ANR ndiyo ya kuogopa.

Kinachoharibu zaidi ni mzigo. Karatasi za kesi ya hifadhi zisiwe kwenye begi hata moja. Zibaki kwa wakili na kwenu. Vituo vya Uingereza haviruhusu simu za kamera, kwa hiyo simu yake imefungiwa stoo na atarudishiwa siku ya safari ikiwa na kila kitu ndani: makundi ya WhatsApp, picha za maandamano. Akaunti zifungwe kutoka nje mapema. Namba nne muhimu azikariri, na aziandike pia kwenye karatasi.

Pesa: dola ndogondogo, safi. Noti iliyochanika hata kidogo Kinshasa haipokelewi. Azigawe mifuko miwili.

Bantu_wa_Limete
Mtafutieni protokoli, yule mtu wa kulipwa anayepitisha abiria uwanjani, amtoe, mambo yanaisha haraka.

Kivu_Mpaka_Ndjili
Mkuu, protokoli anamsaidia abiria wa foleni. Aliyekabidhiwa na maaskari yuko chumba kingine, na anayewaahidi kumtoa humo kwa dola 500 za kutangulizwa anakula pesa yenu. Afadhali hiyo pesa imlipe wakili wa Kinshasa, aliyeshika jina kamili, namba ya ndege na nakala ya hati kabla ya kutua.

MamaNeema_Leicester
Na baada ya hapo? Home Office hawatufahamishi?

Kivu_Mpaka_Ndjili
Hapana, hawafuatilii mtu akishakabidhiwa. Mnafuatilia wenyewe, kwa saa. Ndugu mmoja angoje nje ya uwanja. Saa 3 baada ya kutua bila simu, wakili anakwenda DGM kuuliza kwa jina. Saa 6, anauliza ANR kwa maandishi. Kifungu cha 18 cha katiba ya Kongo kinasema mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya kimahakama, na kwamba ana haki ya kuwasiliana na familia na wakili mara moja. Wakili akitaje kifungu hicho katika barua na nakala yake ibaki na muhuri wa kupokelewa. Akitoka na alama mwilini, daktari amwone siku hiyohiyo na aandike tarehe.

Nyumbani hafiki karibuni, maana uwanja wa Goma ulifungwa tangu Januari 2025. Kwa hiyo pango la chumba Kinshasa liwe la miezi, siyo siku. Hana kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho kinachotumika zaidi kule, na bila kitambulisho kusajili laini ya simu ni shida. Aanzie komuni (ofisi ya manispaa) kuomba cheti cha kupoteza vitambulisho. Mpaka akipate, pesa mtume kwa M-Pesa au Airtel Money ya mtu mwingine mnayemwamini, kidogokidogo.