Ushauri wakuu: nataka gari langu litumie ethanoli

Mpole_wa_Gia: Wakuu, salaam. Nina gari la petroli, la nozeli (zile za kupulizia mafuta kwenye injini), umri umeenda. Nataka kulihamishia E85, yale mafuta ya ethanoli kama asilimia 85, iliyobaki petroli. Nianze kubadili nini? Matusi sitaki.

Nati13: Nozeli na programu ya kompyuta ya gari. Petroli inataka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, E85 kama 9.8. Kwa hewa ileile unamwaga karibu mara moja na nusu. Nozeli za kiwandani zitaishiwa pumzi ukikanyaga.

MamaKiwavi: Kaka, ulaji nao utapanda robo au zaidi. Mume wangu alianza majaribio hivihivi. Leo gari liko juu ya matofali, kuku wanatagia kiti cha nyuma.

BabuPlagi: Brazili walianza mpango wao 1975, Fiat 147 ya ethanoli ikatoka 1979. Mimi nilikuwa na pikipiki ya kabureta. Asubuhi ya baridi haiwaki mpaka uidondoshee petroli kidogo. Ujana ule!

Nati13: Mleta uzi, hiyo E85 unaitoa wapi? Na gari lina hali gani sasa?

Mpole_wa_Gia: Halikai silensa, nikiachia mafuta linazima.

Nati13: Tangu lini?

Mpole_wa_Gia: Tangu juzi. Nilimimina lita kumi, tangi likiwa nusu. Spiriti ya asilimia 70. Lakini pombe ni pombe, na nozeli nimeshaagiza.

Nati13: Hiyo 30 iliyobaki ni maji, ndugu yangu! Maji yanaivuta ethanoli, yanazama nayo, na pampu inanyonya hukohuko chini.

Mpole_wa_Gia: Nilimimina polepole.

JichoKavu: Chai hii. Lita kumi ni vichupa mia vya mililita 100. Ulikaa unafungua vizibo? Na gari lenye maji hayo lingewaka?

Mpole_wa_Gia: Ni dumu, mkuu, nalitumia kazini. Leo liliwaka dakika moja likazima. Nimefungua nati ya chini ya tangi, nikakinga kwenye chupa. Chini kama maji ya mchele, juu petroli ya manjano, katikati mstari umenyooka kama wa rula. Picha usiku.

Nati13: Usiwashe tena. Mwaga tangi lote, mbali na moto, likauke. Badili filta, kagua mipira.

MamaKiwavi: Usiku umefika. Picha?

JichoKavu: Nilisema.

Mpole_wa_Gia: Simu haina chaji. Nozeli zinafika kesho, nizipokee au nizikatae?