Maumivu ya kiungo cha taya: kinga ngumu, kinga laini au kuosha kiungo?

GegoLaNane
Wakuu, tulinganishe: kinga ya meno (kifuniko kinachovaliwa juu ya meno usiku) ngumu ya akriliki, yaani plastiki ngumu, kinga laini, ile ndogo ya meno ya mbele, botoksi (sindano ya kulegeza msuli), na kuosha kiungo. Ipi ianze, ipi isubiri? Nazungumzia maumivu mbele ya sikio na taya linaloalika, yaani linalotoa mlio likifunguka, si jino bovu.

DktMagego
Kwanza tenganisheni msuli na kiungo. Ukibonyeza shavu au panja na maumivu yale yale yakaamka, chanzo kikubwa ni misuli. Yakiamka mbele tu ya sikio, ni kiungo. Kisha pima kwa rula kati ya ncha za meno ya mbele ya juu na ya chini: mdomo wa mtu mzima kwa kawaida hufunguka milimita 40 hadi 55. Ukigota kwenye 25 au 30, taya likapinda kuelekea upande unaouma, na ule mlio wa zamani ukanyamaza, basi kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo kimetangulia mbele na kinakizuia kichwa cha taya (ncha ya mfupa wa taya inayoingia kwenye kiungo) kuteleza. Taya linaloalika bila kuuma wala kukwama liacheni.

Fundi_Akriliki
Kwa misuli, ngumu ndiyo ya kuanza nayo. Inafunika meno yote ya taya moja, uso tambarare, unene kama milimita 2 kwenye magego. Mgonjwa akifunga mdomo, meno ya nyuma yaguse kwa uzito sawa. Akisogeza taya pembeni, chonge ndizo zibebe, magego yaachane. Ikishindwa, mara nyingi kuna sehemu moja iliyopanda: misuli inaikaza usiku kucha, asubuhi maumivu yamezidi. Ndiyo maana mgonjwa arudi baada ya wiki 2 hadi 4, kinga ipimwe kwa karatasi ya rangi na kusagwa. Aliyekabidhiwa na kuagwa moja kwa moja ameuziwa plastiki.

Laini hutengenezwa upesi, lakini haisagiki vizuri, na wengine huitafuna kama chingamu hadi misuli ichoke zaidi. Ni ya muda mfupi.

GegoLaNane
Na ile ndogo? Inasifiwa sana kwa wanaokaza meno.

DktMagego
Kukaza hupungua kweli, maana magego hayakutani. Yasipokutana kwa miezi, huzidi kuchomoza, na mwishowe meno ya mbele hayafungi tena. Halafu ni ndogo kiasi cha kumezwa au kuvutwa kwenye njia ya hewa usingizini. Usiku tu, wiki chache, chini ya uangalizi.

Botoksi hulegeza msuli kwa miezi 3 au 4, kisahani haikigusi. Kuosha kiungo ni kwa taya lililokwama: ganzi, sindano 2 kwenye nafasi ya juu ya kiungo, mililita 100 hadi 200 za maji ya dripu zinaingilia moja na kutokea nyingine, kisha mdomo unafunguliwa kwa mkono papo hapo. Kwa maumivu ya misuli, kuosha hakusaidii kitu.

Na mkiambiwa meno yenyewe yasagwe ili yafunge vizuri, tafuteni maoni ya pili. Jino lililosagwa halirudi.

Fizio_wa_Shingo
Daktari, umeruka hatua isiyohitaji kifaa. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi ukae kaakaani nyuma ya meno ya mbele. Kitambaa cha moto dakika 15, chakula laini wiki 2. Zoezi: fungua mdomo ulimi ukibaki kaakaani, mara 6, urudie mara 6 kwa siku. Ulimi hukizuia kichwa cha taya kisikimbilie mbele. Ikiuma, punguza upana wa kufungua.

Mfamasia_K
Ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula, kwa ratiba, siku 7 hadi 10. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito asiitumie bila daktari. Aliyepita miaka 50 mwenye maumivu mapya ya panja, taya linalochoka akitafuna, au macho yanayofifia, aende hospitali siku hiyo hiyo: huenda mshipa wa damu wa panja umevimba, na unaweza kupofusha.

GegoLaNane
Kinga ngumu ivaliwe juu au chini?

Fundi_Akriliki
Zote zinafaa. Ya juu hushika vizuri zaidi, ya chini haisumbui sana kuongea. Ioshe kwa maji baridi. Ya moto huipinda.