Kumiksi nyimbo: tufuate spidi au kii?

MwanaSinza
Wakuu, naomba tulinganishe hili. Napiga muziki kwenye harusi, kumbi za Sinza na Mwenge, na wikiendi nyingine baa. Nimeanza kupanga nyimbo zangu kwa kii (kundi la noti ambalo wimbo umejengwa juu yake), nikifuata lile duara la Camelot, linalopa kila kii namba 1 hadi 12 na herufi A au B, na kii za jirani zinapatana. Wenzangu ninaopokezana nao mashine wanaangalia BPM tu, yaani mapigo kwa dakika, na watu wanacheza. Je, kazi ya kupanga kii inalipa, au ninoe sikio kwenye spidi kwanza?

FundiSpika
Spidi kwanza, mkuu. Biti zikipishana, mchezaji anapoteza hatua papo hapo na ukumbi mzima unaona. Kwenye singeli ndiyo kabisa: ngoma inakimbia 200 hadi 300 kwa dakika, unatoka wimbo mmoja kwenda mwingine ndani ya sekunde chache. Hizo kii zitagombana saa ngapi?

BintiWaMagomeni
Kwa singeli nakubali. Harusini hapana, kaka. Bongo fleva ya mapenzi kinanda kinalia mwanzo mwisho, na mwimbaji hanyamazi. Kwenye duara hilo 8A ni kii ya A maina (minor), na 8B ni C meja (major): noti zao ni zile zile saba, ndiyo maana zinashikana. 9A ni E maina, inatofautiana na 8A kwa noti moja tu. Sasa toka 8A urukie 3A, yaani nusu toni juu (hatua moja ya kinanda), halafu waache waimbaji wawili waimbe pamoja. Bibi harusi anaingia ukumbini na spika zinazozana. Siku hiyo ni ya mtu, ina heshima yake.

MzeeWaSahani
Vijana, hivi vitu viwili haviachani. Kwenye mashine ya sahani ya Technics SL-1200 ukisukuma pichi, kile kitelezi cha spidi, ambayo kawaida inaishia asilimia 8 juu au chini, sahani inazunguka haraka na sauti inapanda pamoja nayo. Asilimia 6 hivi ni nusu toni. Kompyuta inafanya vilevile kama hukufunga kii, yaani kuizuia sauti isipande spidi ikibadilika. Wimbo wa 8A ukiutoa 106 ukaupeleka 112, masikioni ni karibu 3A, hata kama kioo bado kimeandika 8A. Ukifunga kii unabaki palepale, ila ukivuta sana sauti ya mwimbaji inakwaruza. Mimi sipendi kuzidi asilimia 4.

MwanaSinza
Shikamoo mzee, hilo la pichi limenifungua. Na kutoka amapiano kwenda singeli? Spidi ziko mbali mno.

FundiSpika
Ziko mbali kwa namba tu. Amapiano ikiwa 112, tafuta singeli ya 224: kila pigo moja la amapiano linabeba mawili ya singeli. Programu nyingine itaisoma hiyo singeli kama 112, usishtuke. Kata besi ya amapiano, acha shekeri zicheze peke yake, kisha achia singeli kwenye pigo la kwanza. Usivute muda hapo, besi mbili zikikutana zinazibana.

BintiWaMagomeni
Nyongeza, MwanaSinza: usipange maktaba yote. Anza na zile unazoombwa kila Jumamosi, hasa zenye kinanda na gitaa nyingi. Na usiamini programu moja kwa moja, mara nyingi inachanganya meja na maina. Fungua kinanda cha kwenye simu, bonyeza noti ya nyumbani (ile kuu ya kii, mfano A kwa A maina), vaa hedifoni usikilize kama wimbo unatulia juu yake. Wimbo ukimalizikia kwa ngoma tupu, kii isikuumize kichwa: biti 32 za ngoma zinatosha kuingiza wimbo wa kii yoyote, mradi spidi umeishika.