Humpy Wheeler pale Charlotte: promota alikuwa anafanya kazi gani hasa?

mtu_wa_lami:
Habari wadau. Kila nikisoma habari za NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, nakutana na jina la Humpy Wheeler, aliyeingia kuongoza uwanja wa mbio wa Charlotte 1975 na kuondoka 2008. Ukiacha kuuza tiketi, promota (mwandaaji wa mbio) kama yeye alikuwa anaamua nini? Na alikwama wapi?

kona_ya_kwanza:
Mkuu, anza na taa. Uwanja una maili 1.5 kwa mzunguko, na kabla ya 1992 hakuna uwanja wa ukubwa huo NASCAR iliokimbia usiku. Umeme haukuwa tatizo. Ukisimika nguzo ndefu upande wa ndani, aliyelipa tiketi anatazama nguzo badala ya magari. Ukielekeza taa moja kwa moja barabarani, dereva anaingia kona huku anamulikwa machoni. Kampuni ya Musco ikaleta vioo: taa inapiga kioo, kioo kinamwaga mwanga juu ya lami. Taa 1,200, dola milioni 1.7. Mei mwaka huo mbio za nyota, zile za madereva bora tu, zikafanyika usiku.

Mwaka uliofuata mbio za maili 600, yaani mizunguko 400, zikasogezwa zianze alasiri ziishie gizani. Mafundi wakapata kazi mpya. Lami ya moto inateleza, ikipoa inashika, kwa hiyo gari lililotulia juani linabadilika tabia usiku. Lazima uguse springi na upepo wa tairi kila linapoingia piti, pale linaposimama kuhudumiwa.

Bi_Gereji:
Msisahau 1976. Dereva mwanamke Janet Guthrie alipokosa nafasi katika mbio za Indianapolis, Wheeler alisaidia kupatikana gari na mwenye gari, mama aliyefanya kazi benki, Lynda Ferreri. Guthrie akamaliza wa 15 katika maili 600. Na 1984 zikajengwa nyumba 40 za kuishi juu ya kona ya kwanza! Hiyo ndiyo kazi ya promota: kumpa mtu sababu ya kuja hata kama hajui gari.

tairi_la_kulia:
Alipokwama ni lami, 2005. Uso ulikuwa na matuta, uongozi ukaamua kuukwangua kwa mashine za diski za almasi badala ya kumwaga lami mpya. Matuta yakapungua, lakini kasi ikapanda na tairi zikapata joto kupita kiasi. Hapo magari hukata kushoto tu, kona zimeinuka nyuzi 24, uzito mwingi unalalia tairi za kulia. Maili 600 za Mei zikatoka bendera za njano 22, zile za kupunguza mwendo kukiwa na hatari. Oktoba tairi zikaendelea kupasuka.

mtu_wa_lami:
Kwa nini hawakumwaga lami mpya tangu mwanzo?

tairi_la_kulia:
Lami mpya ina gharama, na madereva wengi hupenda iliyochakaa kwa sababu inawapa njia zaidi ya moja ya kupita kona. Baada ya Oktoba haikuwezekana tena kukwepa. Wakaimwaga 2006.