Naomba ushauri: mwaka wa tatu nibobee data, usalama au mifumo?

Mtoto wa Mwaloni:
Wakuu, habari za leo. Namaliza mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, na mwakani lazima tuchague upande wa kubobea: data na akili bandia, usalama wa mitandao, au uundaji wa mifumo. Fomu inarudishwa Ijumaa. Darasani kwetu wengi wamekimbilia akili bandia. Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia ndiyo habari ya mjini.

Hesabu siziogopi sana, ingawa somo la uwezekano nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza (nilishaisafisha, msinicheke). Kinachonichanganya ni hiki. Mama anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Likizo iliyopita nilichukua madaftari yake ya miaka mitatu, yananuka dagaa hadi leo, nikaingiza bei za gunia kwenye kompyuta na kuandika kiprogramu kwa lugha ya Python cha kubashiri bei ya wiki inayofuata. Kikawa kinabashiri pumba tupu. Mama akachungulia, akauliza, "Umeweka mwezi?" Nikamwambia nimeweka, Januari mpaka Desemba. Alicheka mpaka akashika meza. "Mwezi wa juu, wewe!"

Kweli bwana. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, mzigo unakata na bei inapaa. Nimezaliwa Kirumba na sikuwaza hilo. Sasa hii ni dalili niende data, au ni raha ya likizo tu?

Ngosha wa Igoma:
Dogo, nenda usalama. Mimi nashika mifumo ya malipo hapa mjini, na simu ikilia saa nane usiku ujue anatafutwa mtu wa usalama. Wa data wanaachwa walale.

Mama Pacha:
Ngosha, hapo umemshawishi au umemtisha?

Mdogo wangu, jaribu kitu kabla ya Ijumaa. Usiingize siku za mwezi mwandamo kama namba 1 mpaka 29. Programu itadhani siku ya 29 iko mbali kabisa na siku ya 1, kumbe zote ni giza, zimepakana. Mzunguko ni kama siku 29.5, igeuze siku kuwa pembe ya duara, halafu ingiza saini na kosaini yake, zilezile za sekondari. Ukijikuta saa saba usiku bado unalihangaikia, wewe ni mtu wa data. Ukichoka mapema, huenda kilichokufurahisha ni kumwona mama akitumia kitu ulichokiunda. Basi nenda mifumo, wala si aibu. Ila data bila uwezekano na aljebra ya matriksi utadisko (utaondolewa chuo) mchana kweupe, nakwambia mapema. Hifadhidata nazo hutazikwepa popote: majedwali aliyoyapendekeza mwanasayansi wa kompyuta Codd mwaka 1970 yatakusubiri pande zote tatu.

Mtoto wa Mwaloni:
Shikamoo dada. Nimeijaribu jana, nikalala saa tisa. Makosa yamepungua sana, isipokuwa Agosti ya mwaka juzi, wiki mbili hazina bei kabisa. Nimemuuliza mama kurasa ziko wapi. Anasema alimfungia mteja dagaa.

Fomu nimejaza data. Ngosha, nisamehe.