Vuta N'Kuvute au Nairobi Half Life: ipi hasa ndiyo muvi?

Mzee wa Stelingi: Wakuu, jana nimeirudia Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021). Inapendeza machoni, ila hadithi inasuasua. Nairobi Half Life (2012) ilinishika tangu Mwas anauza muvi kijijini huku akiziigiza mwenyewe. Mnaonaje? Halafu kile Kiswahili cha Unguja kinachosha, Sheng niliielewa upesi zaidi.

Binti Malindi: Kinachosha? Kiswahili sanifu ulichosomea skuli kimejengwa juu ya hicho hicho Kiunguja! Ulitaka waandike "nikuvute" ndo usichoke?

Wa Eastlands: Na Sheng imekukosea nini, boss? Unaitaja kama lugha ya watu wasiojua kuongea. Genge linaloiba vipuri vya magari Nairobi lingeongea Kiswahili cha taarifa ya habari? Hapo ndipo muvi zenu za Bongo huanguka, hadi jambazi anaongea kama mchungaji.

Mzee wa Stelingi: Sijaitukana Sheng, nimeisifu! Soma vizuri, kaka.

Msomaji: Tatizo ni kubana riwaya nzima ndani ya saa moja na nusu. Adam Shafi aliitoa miaka ya sabini kama sikosei, na mle Yasmini tunamjua tangu anaozwa kwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Kwenye muvi anampenda Denge kabla hatujamjua yeye mwenyewe.

Binti Malindi: Ya 1979 ni Kuli. Vuta n'kuvute ni 1999.

Msomaji: Sawa dada, mwaka nimekosea. Hoja yangu je?

Mwalimu Mstaafu: Mnagombania lugha, wakati The Lion King (1994) ina Simba na Rafiki na wote wanaongea Kiingereza. Black Panther (2018) angalau waigizaji walijifunza Kixhosa.

Wa Eastlands: Shikamoo mwalimu, lakini Wamarekani waache kwanza. Huyu hajaniomba radhi.

Binti Malindi: Wala mimi. Vuta N'Kuvute niliitazama na bibi yangu, aliyekuwa mwari miaka hiyo ya 1950 inayoonyeshwa. Hakuniuliza maana ya neno hata moja. Kila akisikia tamko la zamani la mjini, analirudia kwa sauti. Huko kusuasua unakokulaumu ndiko kulikompa nafasi ya kulirudia.